Punje ya Makorora

Mpishi Kidege anataka namba kabla ya Alhamisi.
Si "wengi", si "Mungu akijaalia". Namba.
"Mchele haupimwi kwa matumaini," kasema,
akapanda baiskeli yake, akashika njia ya Mabawa.

Basi tukakaa sebuleni, Barabara ya Kumi na Tatu,
feni inalalamika, kadi zimepangwa mezani,
na swali moja: majibu tutayakusanyaje?

Salha, bibi harusi mwenyewe, macho hayabanduki kwenye simu:
"Nawatumia ujumbe, mama. Anayekuja abonyeze moja,
asiyekuja abonyeze mbili. Usiku huohuo tumemaliza."
Shemeji Mhando akataka kipande cha kuchanika chini ya kadi:
jina, singo au dabo, saini,
kirudishwe dukani kwake kama risiti ya saruji.
Mama yangu alikuwa anachambua mawe kwenye choroko.
Hakuinua kichwa.
"Mwiteni Mwanamvua."

Tukaanza na simu, maana vijana wana haraka.
Hadi adhuhuri walikuwa wamebonyeza kumi na wawili.
Waliobaki walituma maua, sura inayotoka chozi,
viganja viwili vilivyokutana.
Binamu wa Pangani alituma tangazo la magodoro.
Viganja vile ni dua, ni asante, au ni naja?
Salha akavichorea safu yake peke yake.
Vipande vya shemeji vilirudi vinne,
kimoja kimeandikwa dabo,
na pembeni, kwa kalamu nyekundu: pamoja na watoto watano.

Hapa kwetu hakuna anayesema siji.
Siji ni neno la kuvunja vikombe.
Tuna inshallah,
na inshallah ina vyumba vingi kuliko nyumba ya kupangisha.

Bi Mwanamvua ameialika Ngamiani yote kwa nyayo zake.
Kusoma hajui. Pindo la kushoto la kanga hufunga choroko,
la kulia hufunga kunde, kila kichwa na punje yake.
"Inshallah ya kusimama mlangoni, mkono kwenye komeo: kunde.
Inshallah ya karibu ndani, sare rangi gani: choroko.
Inshallah ya mwanamume siihesabu. Namwuliza mkewe."

Kabla hajatoka nilimvutia uani.
"Na Makorora," nikasema. "Mlango wa kijani."
Akanitazama. Anajua, kama mtaa mzima unavyojua:
miaka tisa, mimi na dada yangu Zaituni,
kwa shamba ambalo hata minazi yake imeshakufa.
Ujumbe nilimtumia. Tiki mbili za buluu.
Simu iliniambia amesoma.
Haikuniambia alisoma amesimama au amekaa.

Jumatano alasiri alirudi, ndala mkononi,
akafungulia mapindo yake juu ya sinia.
Tukahesabu, tukakosea, tukahesabu tena.
Katikati ya choroko, punje moja ya mahindi.

"Hii nini?"
"Ya Makorora. Nilitoa salamu, akaitikia nusu.
Alikuwa anapepeta. Nikamwuliza, nibebe ipi?
Kimya, ungo tu ukicheza.
Nimeshafika barazani, ndiyo akaniita.
Akaitoa hii kwenye ungo, akaniwekea kiganjani,
akanifumba vidole kimoja kimoja."
"Maana yake?"
"Mimi mwalishi, mwanangu. Ramli sipigi."

Salha kashika kalamu: "Niiandike safu gani?"
Mama akarudia choroko zake, mawe huku, choroko huku,
kama hakusikia.
Simu ikaita. Kidege.

Nikamtajia jumla, nikaongeza moja.
Halafu nikamwambia, na sahani moja aipakue mapema,
kabla hajatia pilipili manga;
yupo mtu inamkereketa koo
tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja.
"Nani huyo?" akauliza.
"Wewe pakua," nikasema.